Uzi: Mtoto anakawiza homuweki hadi usiku. Anafunzwaje kuanza mwenyewe?

#1 MamaWawili_Umoja
Hamjambo wanajamvi. Kifungua mimba wangu yuko Gredi ya 5. Anafika nyumbani saa kumi na moja, anakula, anacheza, na kila nikimuuliza habari ya homuweki jibu ni "nitafanya saa hii tu". Hiyo saa hii huja saa tatu usiku, macho yamelegea, na hapo ndipo anaanza kulia.

Msiniambie ni mvivu. Huyu ni mtoto wa kushinda Jumamosi nzima akisuka mpira wa makaratasi na kamba hadi ukaze. Akitumwa dukani anarudi na chenji kamili na hesabu yake mdomoni. Akiwekewa daftari mezani, anachonga penseli. Anaichonga, anaijaribu kwenye kidole, anaichonga tena mpaka inabaki kipande cha kushikwa kwa kucha. Swali la kwanza bado halijaguswa.

Sitaki kumsimamia kichwani hadi amalize sekondari. Nataka ajue kuanza mwenyewe. Waliofaulu walifanyaje?

#2 BabaKevo
Dada, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulisoma 8-4-4, mfumo wa zamani, na hakuna aliyetuuliza kama tuna hamu. Usipomaliza, asubuhi unapanga foleni mbele ya darasa, mkono mbele. Ulikuwa unamaliza. Watoto wa siku hizi wanajadiliwa sana.

#3 Mwalimu_Eastlands
Baba Kevo, heshima yako, lakini kiboko shuleni kilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia hapohapo kwenye kifungu cha 36. Mwalimu akichapa leo anahatarisha kazi yake. Na hao waliopanga foleni, wengi walinakili kwa jirani kabla ya kengele. Mimi mwenyewe nilikuwa nawapa wenzangu daftari.

Mama Wawili, swali moja kabla ya ushauri: anakawiza masomo yote au mengine?

#4 MamaWawili_Umoja
@#3 Asante mwalimu. Kusoma hadithi za Kiingereza hakawizi, anasoma hata chooni. Sayansi pia hana shida. Ni hisabati, hasa sehemu (zile namba kama 3/8), na insha ya Kiswahili.

#5 Mwalimu_Eastlands
Basi umeshajibu nusu. Mtoto anayekawiza kila kitu ana shida ya mazoea au ya uchovu. Anayekawiza viwili tu hajui aanzie wapi kwenye hivyo viwili. Kwake ukurasa wa sehemu ni ukuta. Ukimwambia "anza", unamwambia aparamie ukuta bila ngazi.

#6 Zimmerman_Mum
Mimi nasema ni uchovu na watu hawataki kuusema. Basi la shule linampitia wangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza totoro. Jioni akishuka ni saa kumi na mbili, maana dereva anazungusha mitaa yote kwanza. Amelala kwenye kiti, shavu lina alama ya dirisha. Kanuni za elimu za 2015 zinasema vipindi vya shule ya kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Hizo saa nyingine zote ni barabara zinazila. Mtu mzima aliyetoka kazini saa hizo hufungua daftari?

#7 Pipeline_Finest
Na wenye nyumba ya chumba kimoja je? Nimekulia hivyo. Kitanda, pazia, meko, TV, mtoto mchanga, mgeni kutoka ocha (kijijini), vyote humo. Meza ni ile stuli ya kuwekea thamosi. Ukitaka kuandika unangoja watu wamalize kula. Mathe alidhani nakawiza, kumbe nilikuwa kwa foleni ya stuli.

Na tokeni ya stima ikiisha hapo katikati, maneno yameisha.

#8 Dakitari_wa_Vitabu
Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Harris Cooper, wa Chuo Kikuu cha Duke. Amefanya kazi ya homuweki kwa miaka mingi, na mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti nyingi za nchini mwao. Anatetea kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa: darasa la kwanza dakika 10, la pili 20, hivyo Gredi ya 5 ni dakika 50 kwa masomo yote kwa jumla. Kipindi kimoja cha shule za msingi za juu hapa kwetu ni dakika 35. Mama Wawili, hebu pima: akianza, kazi yenyewe huchukua muda gani? Kama ni saa mbili na nusu, mtoto hakawizi, anakimbia mzigo.

#9 Kasarani_Boy
@#8 Huyo Cooper si ndiye alisema homuweki haina maana yoyote? Nilisoma mahali. Ifutwe basi tulale.

#10 Dakitari_wa_Vitabu
@#9 Hapana. Alichokuta ni kwamba uhusiano wa homuweki na alama ni hafifu kwa watoto wa shule ya msingi na unapata nguvu kwa wa sekondari. Hafifu si sifuri. Na mwenyewe anasema kwa wadogo kazi fupi ina faida ya kuwajengea mazoea ya kusoma. Hayo mazoea ndiyo Mama Wawili anayauliza.

#11 NyanyaWaMajengo
Salaam wanangu. Nimelea wajukuu hapa Majengo, na kwetu ilikuwa hivi: mtoto akitoka shule anaoga, anakunywa chai na mahamri, anaandika mpaka adhana ya magharibi. Baada ya magharibi ni chuo, Kurani. Baada ya chuo ni chakula na kulala. Hakuna aliyeuliza "nitafanya saa ngapi", kwa sababu saa ilikuwa na mwenyewe. Nyumba ikiwa na saa, mtoto hana cha kubishana nacho. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

#12 Zimmerman_Mum
Shikamoo nyanya. Lakini wajukuu wako walitoka shule kwa miguu saa tisa na nusu. Wangu jioni yote inamkuta Roysambu kwenye jamu.

#13 NyanyaWaMajengo
Marahaba. Hilo kweli. Basi mwombeni mwalimu, msimkamue mtoto.

#14 Kasarani_Boy
Kitu kikuu ni TV na simu, tusizunguke. Katuni inaanza saa kumi na moja, mtoto ataachaje katuni aende kwa sehemu?

#15 Shiru_BuruBuru
@#14 Sisi hatuna TV na wangu anakawiza vilevile. Anakodolea macho dari. Na @#2 Baba Kevo, timu yako ikicheza usiku rimoti huwa mikononi mwa nani?

#16 BabaKevo
Mpira ni mara mbili kwa wiki, na Kevo huwa amemaliza. Msinitoe kwa mada. Mimi nasema watoto hawana tena cha kuogopa. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ilikufa 2022, hakuna mtihani wa kumfungia mtu mlango, sasa atajikaza kwa nini?

#17 Mwalimu_Eastlands
KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mwaka 2022 ilikuwepo, ndio mwaka ambao KPSEA ya kwanza, tathmini ya kumaliza msingi, ilifanywa na Gredi ya 6, kwa hiyo mwaka huo tulikuwa na mitihani miwili. Na cha kuogopa kipo. Katika mpango wa CBC, mtaala uliochukua nafasi ya 8-4-4, tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 zilipangiwa asilimia 60, KPSEA yenyewe 40. Kazi za mtoto huyu zinahesabiwa tangu mapema kuliko zilivyohesabiwa zetu. Sisi tulilundika kila kitu hadi darasa la nane.

#18 MamaPendo_SouthB
Mwalimu, mkiwa hapo hapo mtusaidie na zile kazi za mradi. Ujumbe unaingia kwenye WhatsApp ya wazazi saa tatu kasoro usiku: kesho aje na karatasi ya manila, gundi, mbegu za aina nne na picha za wanyama wa nyumbani. Saiba za kuprinti zimefunga. Nikapata moja karibu na steji, kijana anateremsha mlango, nikambembeleza aprinti kuku na mbuzi. Asubuhi mtoto anaambiwa amechelewesha kazi. Nani alichelewesha hapo? Mtoto anatuona sisi watu wazima tukifanya kila kitu dakika ya mwisho, halafu tunashangaa amejifunza wapi.

#19 Kasarani_Boy
Mbegu za aina nne saa tatu usiku 😂 Mama Pendo ulitoa wapi?

#20 MamaPendo_SouthB
Maharagwe, ndengu, mahindi ya githeri, na mbegu ya papai tulilokula mchana. Yalitosha. Mradi ulipata "inazidi matarajio", lakini mimi ndiye niliyeufanya, mtoto alikuwa amelala. Hiyo ndiyo inaniuma.

#21 Mwalimu_Eastlands
@#18 Malalamiko yako ni ya haki. Mradi unafaa kutangazwa mapema, wiki nzima, ili mtoto agawe kazi mwenyewe. Mradi wa kesho asubuhi ni mtihani wa mzazi.

#22 Fresha_UoN
Mimi ni mwanafunzi wa saikolojia, niongeze hapa. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika 2013 kwamba kuahirisha kazi kwa sehemu kubwa si shida ya kupanga muda, ni shida ya kudhibiti hisia. Kazi inaleta hisia mbaya: woga, aibu, kuchoshwa. Ukiiweka kando unapata nafuu papo hapo. Ile nafuu ndiyo tuzo, na kesho yake unarudia.

Mama Wawili, ile penseli inayochongwa mimi naisoma hivyo. Mkono una shughuli, moyo umetulia, na hakuna anayeweza kusema hafanyi chochote. Ukimgombeza hapo unaongeza hisia mbaya juu ya kazi ileile anayoikimbia. Kesho atakimbia mapema zaidi.

#23 BabaKevo
Mtoto wa miaka kumi anaogopa nini kwa daftari? Tusiwatafutie magonjwa. Anajua mama atalia naye hadi saa nne, basi.

#24 Fresha_UoN
@#23 Anaogopa kukosea mbele ya mtu anayempenda. Woga huo hata watu wazima tunao, na si ugonjwa. Lakini nusu ya pili ya sentensi yako naikubali: kama kukawiza kunamletea mama karibu naye kwa saa nzima, ataendelea kukawiza. Amkalie karibu mwanzoni, dakika tano, halafu aondoke.

#25 Shiru_BuruBuru
Yangu ilikuwa kitu tofauti kabisa na yote haya. Binti alikuwa anakawiza hisabati tu, mwaka mzima. Tukagombana, tukaweka tuisheni, wapi. Siku moja nafungua daftari naona swali limeandikwa 3/8 na kitabu kinasema 5/6. Linalofuata vilevile. Alikuwa hanakili ubao, alikuwa anaubahatisha, kwa sababu haoni. Alikaa nyuma kwa kuwa ni mrefu. Tukapima macho, akapata miwani, akahamishwa mbele. Hakuwa tena na sababu ya kukimbia kazi ambayo hata maswali yake hayakuwa sahihi.

Mama Wawili, linganisha daftari na kitabu leo hii. Ni dakika moja.

#26 Zimmerman_Mum
Hii ya #25 imenigusa. Naenda kuangalia daftari sasa hivi.

#27 Muuguzi_Kayole
Niongeze kwa wale ambao mtoto anakawiza kila kitu, si homuweki tu: kuvaa viatu, kuoga, kumaliza chakula, na anasahau katikati ya sentensi. Wako watoto ambao umakini wao una shida ya kweli, na kugombezwa hakuwasaidii. Kuna vituo vya EARC vya kutathmini mahitaji ya watoto, viko chini ya elimu, mnaweza kuuliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Lakini mtoto wa #1 anayesuka mpira Jumamosi nzima sidhani ni huko. Msikimbilie jina la ugonjwa, wala msiliogope likiwepo.

#28 Pipeline_Finest
Mimi ndugu yangu mdogo nilimtatulia na pesa. Akimaliza kabla ya saa moja, ishirini bob. Anamaliza.

#29 NyanyaWaMajengo
Na siku huna ishirini?

#30 Pipeline_Finest
Hiyo siku anadai deni, nyanya 😅 Lakini kazi inafanywa.

#31 Mwalimu_Eastlands
Inafanywa vipi lakini? Mimi nasahihisha hizo za kukimbizwa. Maswali kumi, majibu kumi, mistari ya kazi hakuna. Ukilipia kumaliza utapata kumaliza. Kama ni lazima ulipe, lipia kuanza.

#32 Dakitari_wa_Vitabu
Kitu kimoja ambacho hakijasemwa: watoto hawajui kukadiria muda, na sisi pia hatujui. Roger Buehler na wenzake huko Kanada walichapisha 1994 utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu. Walijikadiria siku 34 hivi kwa wastani, wakachukua zaidi ya 55. Watu wa chuo kikuu! Sasa mtoto wa Gredi ya 5 akikuambia "ni kidogo, nitamaliza", hakudanganyi. Anaamini.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumwambia aandike kwenye kona ya daftari anadhani itachukua dakika ngapi, halafu akimaliza aandike zilizotumika. Usiseme neno. Baada ya siku kadhaa anaanza kuona mwenyewe kwamba "kidogo" ni nusu saa.

#33 Shiru_BuruBuru
@#32 Hii naipenda kwa sababu haina kelele.

#34 BabaKevo
@#32 Ukiwa na saa ukutani. Wengi hapa wana saa kwa simu ya mama, na simu ya mama iko na mama kazini.

#35 Dakitari_wa_Vitabu
Kweli. Basi apimie kwa taarifa za redio au kwa chungu cha maharagwe. Muhimu akisie kabla, apime baadaye.

#36 MamaWawili_Umoja
Nimesoma kila mchango, asanteni. Niwape habari.

Daftari nililinganisha kama Shiru alivyosema: amenakili sawa, macho yako salama. Nilimwomba mwalimu wake aniambie sehemu zilimpotezea wapi, akasema ni kutafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani ile namba ndogo kabisa inayogawika kwa namba zote za chini. Nikachukua chapati, nikakata moja mara tatu na nyingine mara nne, nikamuuliza aniunganishie kipande cha hii na cha ile kwa jina moja. Akakaa nayo kimya, kisha akasema "zote nikate kumi na mbili". Sikumfundisha mimi hilo. Kaka yake mdogo alikula ushahidi.

Halafu nimefuata ya kuanza kabla ya kumaliza: akifika, kabla ya kuvua sare, swali moja tu la hisabati, liwe sawa au lisiwe sawa. Baada ya hapo yuko huru. Siku nyingi akishafanya moja anafanya matatu bila kuambiwa. Siku nyingine anafanya hilohilo moja na kutoroka, na usiku tunarudi palepale. Kwa hiyo hisabati imesogea. Jumamosi nampeleka maktaba ya Makadara, lile tawi la McMillan, kuna meza ndefu na watoto wengine wameinama wanaandika, na huko hakawizi hata kidogo. Sijui ni meza, ni wenzake, au ni kwa kuwa mimi sipo.

Insha bado. Hapo hata swali moja halianziki.

#37 Pipeline_Finest
Ni meza. Naweka ishirini yangu.

#38 Fresha_UoN
Ni wewe kutokuwepo, Mama Wawili. Samahani kusema hivyo.

#39 Zimmerman_Mum
Ni Jumamosi! Amelala usingizi wa kutosha. Mbona hamtaki kuliona hilo?

#40 Mwalimu_Eastlands
Kuhusu insha: anakwama kwa sababu swali moja la insha ni insha yote. Haina namba ya kwanza. Mpe namba. Jioni ya kwanza akusimulie kwa mdomo huku unapika, usimkatize. Ya pili aandike maneno matano tu kutoka kwa alichosimulia. Ya tatu aandike mwanzo. Insha ikitolewa Ijumaa, nafasi ipo.

#41 BabaKevo
Mwalimu, hapo umemfanya mama mwandishi wa mtoto. Kesho mtihani ukija atamsimulia nani? Mwache ahangaike na ukurasa mtupu, ndivyo atakavyouzoea.

#42 Mwalimu_Eastlands
Mama hajaandika neno lolote hapo, Baba Kevo. Soma tena. Amesikiliza tu.

#43 NyanyaWaMajengo
Kusikiliza ndiko kazi ngumu. Mwanangu Baba Kevo, Kevo hukusimulia nini jioni?

#44 BabaKevo
Nyanya, Kevo haongei sana. Nitamuuliza leo.

#45 MamaWawili_Umoja
@#40 Nitajaribu, leo ni zamu ya kusimulia. Mwalimu, moja la mwisho: akishaandika hayo maneno matano na yana makosa ya tahajia, nimsahihishe papo hapo au niyaache hadi insha iishe?

#46 Mwalimu_Eastlands
Yaache. Mwalimu wake atayaona akisahihisha.

#47 Dakitari_wa_Vitabu
Sikubaliani na #46 kabisa. Kosa likikaa wiki nzima kwenye daftari linakuwa lake. Msahihishe, lakini kwa penseli, pembeni, bila kelele. Nitarudi na maelezo zaidi, niko kwa matatu na chaji inaisha.